Kanisa Lisilo na Msalaba Nje

Mimi Revocatus ni katekista wa kigango huku Mugeta, mwaka wa ishirini na sita sasa, na kanisa nalijua. Kanisa lina msalaba juu na kengele nje, hata kama kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Sasa mwanangu Petronila, anayefanya kazi za ndani Uarabuni, akanitumia picha ya jengo: ukuta mrefu, geti, mlinzi. Juu hamna kitu. Akasema ndilo kanisa lake, Katoliki kabisa, na humo anataka kufunga ndoa na Baltazari, fundi umeme, mgeni kama yeye, aliyekutana naye huko huko.

Paroko alikuwa tayari kuandika barua kwamba binti ni Mkatoliki na hajaolewa. Alichongoja ni neno langu tu, niliandike kwenye karatasi aliyonipa na kutia sahihi. Nikashindwa kulitoa.

Nilimpigia Petronila nikamuuliza kengele inalia saa ngapi. Akasema haipo, ndiyo masharti, wala msalaba usionekane nje, ila kiwanja alikitoa mfalme wao mwenyewe. Mfalme Mwislamu anatoa kiwanja cha kanisa, halafu anakataza msalaba? Kichwa kikaanza kuniuma. Nikauliza habari za Jumapili. Akasema wao husali Ijumaa, ndiyo siku yao ya mapumziko. Huku kwetu, mtu anayekwenda kusali Ijumaa kila mmoja anajua anakwenda wapi.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikamwambia salamu yetu Wakatoliki, kumpima.

Akanong'ona, "Milele amina." Eti yuko kwenye basi, watu wanasikia.

Nilikata simu nina hasira na hofu, sijui ipi ilizidi. Niliona mwanangu anachukuliwa, na mimi ndiye ninayetakiwa kutia sahihi.

Siku tatu nilizunguka na karatasi mfukoni. Mke wangu Marieta alinikuta naipanua ile picha kwa vidole, nautafuta msalaba hata wa rangi. Akaketi.

"Baba Petronila, huyu mtoto alibatiziwaga wapi?"

Najua sana. Ghala la pamba. Kanisa letu lilikuwa halijajengwa; tulisukuma magunia pembeni, meza ya karani ikawa altare, na pale mlangoni palining'inia mizani.

"Na ilikuwaga siku gani?"

Hilo sikulikumbuka. Nikafungua daftari la kigango. Enzi hizo padri alifika siku pikipiki yake ilipokubali kuwaka. Mwandiko ni wangu mwenyewe: Jumatano.

Nikaandika neno langu, nikapanda bodaboda mpaka kwa paroko. Yule mfalme mpaka leo simwelewi, na Ijumaa inanikaa vibaya kooni. Lakini jioni nilimpigia mwanangu.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema, na safari hii aliyenong'ona ni mimi, asije akapata shida kwenye basi.