Gundi ya Alhamisi

Mke wa seremala alikuwa na ulimi wa kasi kuliko cherehani yake, na hilo alilisema mwenyewe, tena kwa majivuno. Mumewe alikuwa na kigugumizi. Basi kwa miaka ishirini na miwili waligawana kazi: bwana aanze neno, bibi alimalizie. Akisema "Niletee cha-cha-", chai imeshafika mezani. Wateja wakija kuulizia milango yao, mama anajibu kutoka kwenye cherehani kabla mzee hajafungua kinywa. Moyoni aliamini kwamba anamsaidia, na kwamba hakuna mtu duniani anayemjua mumewe kama yeye.

Kujua huko ndiko kulikokuja kumtia wazimu.

Ilianza Alhamisi moja, saa kumi kasoro. Mume alioga mapema, akavaa shati la mistari, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, na-nakwenda ku-ku-"

"Kununua gundi," mke akasema, macho kwenye pindo la gauni la mteja.

Mume akabaki pale pale, mkono ameunyoosha. Mke akachukua kikapu, akamtundikia kwenye ule mkono. "Upitie na uzi mweusi." Mume akaenda. Alhamisi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata, mpaka mke akawa anasema "gundi" kabla mwenzake hajafika mlangoni, naye anaitikia kwa kichwa na kwenda zake.

Wiki ya saba, kisanduku cha chaki za kushonea kilibanduka pembe, mke akaingia karakana ya nyuma kutafuta gundi. Alipekua kila rafu. Alipata kopo moja tu, tena la zamani, brashi imegandia ndani. Sasa gundi ya Alhamisi sita iko wapi?

Hapo mengine yote yakaanza kujipanga. Kwa nini siku hizi mzee anapiga randa huku midomo inamchezacheza? Kwa nini anacheka peke yake? Tangu lini anajitazama kwenye kioo cha kabati la mteja, kifua mbele, kidevu juu? Mke alinusa kola ya lile shati. Ilinukia sabuni tu, na hilo nalo likamzidishia shaka.

Akamweleza jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

"Dada yangu, mimi sikutaka kusema," Redio akasema, huku anavuta kiti kabisa. "Nilipita nyuma ya zahanati, pale kwenye ukumbi mdogo. Nikamsikia shemeji anaongea na mwanamke. Anaongea, nakwambia! Maneno yanamwagika kama maji bombani."

"Basi si yeye huyo."

"Shati la mistari. Kiraka cha bluu begani. Kiraka si ulishona wewe?"

Ni kweli alikishona yeye.

Mwanamke mwingine angeumia kwa sababu ya huyo mwanamke. Yeye kilichomchoma zaidi ni ule ulimi. Miaka yote hiyo amemlea yule bwana neno kwa neno, halafu kuna mtu huko anayepewa sentensi nzima! Aliapa kwamba kama ni kweli, cherehani na nguo zake vitahamia kwa dada yake siku hiyo hiyo.

Alhamisi ya nane alimwacha atangulie, kisha akamfuata, futi ya kupimia bado iko shingoni. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi.

"Mke wangu," ikasema sauti ya mumewe, nzito, bila kukwama popote, "nimekuficha jambo kwa muda mrefu, na leo nitakwambia lote."

"Niambie, mume wangu," ikajibu sauti ya kike.

Mume wangu! Mke akausukuma mlango kwa bega.

Ndani walikuwamo watu kumi na wawili kwenye mabenchi, kila mmoja na karatasi. Katikati alisimama mumewe, na mbele yake muuguzi wa zahanati, yule mnene anayewachoma watoto sindano, naye ana karatasi. Mwalimu mstaafu akainuka, miwani mkononi.

"Karibu, mama. Tuko kwenye mazoezi ya igizo." Akamweleza kwamba mwezi uliopita waliigiza pale getini pa zahanati kisa cha mwanamume aliyeogopa kupimwa afya, na wiki hiyo foleni ya wanaume ikafika barabarani. "Mumeo ndiye aliyewaleta. Akishika maneno ya mtu mwingine hakwami hata kidogo."

Mke hakuwa na haja na foleni ya mtu. "Wewe! Umenidanganya wiki zote hizi. Gundi, gundi! Iko wapi hiyo gundi?"

"Mi-mimi si-si-"

"Si nini? Si kosa lako? Si-"

"Mama," mwalimu akasema taratibu. "Humu ndani hatumaliziani maneno. Ndiyo sheria yetu pekee."

Mume akavuta pumzi, akaanza upya. Ilimchukua muda, na watu wote wakamngoja bila hata mmoja kukohoa.

"Mi-mimi si-sikusema gundi. We-wewe ndiye uliyesema."

Mke alizirudia kichwani Alhamisi zote, moja moja, akitafuta hata uongo mmoja wa mumewe, na kila alipogusa akasikia sauti yake mwenyewe. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Ile siku ya kwanza," akauliza mwishowe, "ulitaka kusema nini?"

Kisha akaing'ata ncha ya futi, asije akamjibia.

"Na-nakwenda ku-ku-ku-kuigiza," mume akasema, jasho linamtiririka. "Twe-twe-twende wo-wote."

Akaunyoosha mkono, kama alivyounyoosha siku ile mlangoni. Safari hii mke hakuwa na kikapu cha kumtundikia.