Ukuta Wenye Homa

Luhende, fundi umeme wa Igogo, aliogopa vitu viwili: umeme, ambao alikuwa ameshauzoea, na mama mkwe, ambaye hazoeleki. Wiki hiyo vyote viwili vilikuwa chini ya paa lake.

Mama Dorotea alishuka kutoka Magu mara tu mwanawe Rebeka alipojifungua. Alikuja na kuku, kibuyu cha maziwa na sheria. Sheria yenyewe ilikuwa kwamba mwanamume haingii chumba cha mzazi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Nyingine haikuhitaji kutamkwa, maana Luhende ni Msukuma na alilelewa: mtu hamgusi mama mkwe wake, hapishani naye mlangoni, hamkazii macho. Na kwa kuwa mama alikuwa ameweka kigoda chake katikati ya mlango wa chumba, baba wa mtoto akawa kama mpangaji aliyefukuzwa bila notisi. Alilala dukani mbele ya nyumba, katikati ya mafriza yake ya barafu, akaamka ananukia sangara kuliko sangara wenyewe.

Asubuhi hiyo umeme haukuwepo, ulikuwa mgao. Luhende alikaa koridoni akifungua pasi ya mteja, mgongo kaupa mlango kwa heshima. Nyuma yake sauti ya mama ikasikika, ikipita kwa Rebeka kama barua inavyopita posta.

"Rebeka, muulize huyo bwana wako, umeme wao unarudi saa ngapi?"

"Luhende, mama anauliza umeme unarudi saa ngapi."

"Mwambie mama labda mchana. Anataka redio?"

"Mwambie redio ni yeye na mdomo wake. Mimi nataka ukuta. Ukuta wa humu una joto zuri, nimemlaza mjukuu wangu pembeni yake kila siku. Tangu umeme ukatike umekuwa baridi kama chura. Mtoto atashikwa na kichomi."

Luhende akaanza kucheka. Kisha akaiweka pasi chini.

"Ukuta upi?" aliuliza, akasahau hata kupitia posta.

"Huu wa upande wa duka," Rebeka alijibu. "Una joto kama mtu mwenye homa. Jana jioni ulizidi, ikabidi niweke khanga katikati."

Bisibisi ilimponyoka. Ndani ya ukuta ule kulikuwa na paipu ya nusu inchi, imezikwa kwenye plasta, inatoka kwenye meni swichi ya nyumba hadi dukani. Ilizikwa kwa ajili ya waya za taa tu. Kisha biashara ikawa huria, mafriza yakaanza kushushwa mjini kama mitumba, na wauza samaki wakataka barafu. Luhende akanunua friza, akapitisha waya zake humo humo. Akanunua la pili, humo humo. La tatu lilipokuja, paipu ilikataa. Fundi mwingine angebomoa ukuta na kuweka paipu pana. Luhende alipaka waya sabuni ya mche, akazivuta huku mguu mmoja kaupandisha ukutani, zikaingia zikilia. Waya wa ardhini, ule wa usalama, ukakosa nafasi, akauacha. Fyuzi ilipoanza kukatikakatika akaitia waya mnene, ikanyamaza. Mtaa mzima ulimsifu: Luhende havunji ukuta wa mtu!

Chuoni alifundishwa kwamba waya zisifike hata nusu ya paipu. Nafasi inayobaki si ya kupoteza, ndiyo inayopumulia joto. Alijibu swali hilo kwenye mtihani, akapata vema. Sasa mwanawe alikuwa amelazwa ubavuni mwa kosa lile lile.

Akakimbilia dukani, akachomoa plagi za mafriza yote. Plagi ya mwisho ilipotoka, akashusha pumzi. Bila mzigo, waya hazitapata moto. Amewahi. Alitaka hata kujipongeza.

Ndipo akaitazama plagi vizuri. Plastiki yake ilikuwa imelegea, imekunja mdomo kama bibi asiye na meno. Kama plagi, iliyo nje penye hewa, imeyeyuka hivi, basi waya zilizobanana humo ndani zina hali gani? Maganda yake yameshayeyuka na kushikana. Shaba tupu imelaliana na shaba tupu. Hapo haihitajiki friza. Unahitajika umeme tu.

Na meni swichi ilikuwa chumbani kwa mzazi, juu ya kitanda.

"Rebeka! Zima meni swichi! Toka na mtoto!"

"Mama kanikanda, nimelala, siwezi kusim—"

Redio ya jirani ikaanza kuimba. Igogo nzima ikashangilia: "Umeruudi!"

Ukuta ukanguruma. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Kisha ikaja harufu anayoijua kila fundi, tamu na chungu, harufu ya waya unaoungua.

"Haya, joto linarudi," Mama Dorotea alisema kwa furaha.

Luhende akafika mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameketi pale, ameujaza mlango, khanga imekazwa kifuani.

"Mama, naomba unipishe."

"Yarabi! Rebeka, bwana wako anaongea na mimi!"

"Mama, nisamehe."

Akamshika mabega yote mawili, akamsukuma. Kigoda kikaruka, na mama akaenda chini na ukelele uliosikika hadi ziwani. Luhende hakugeuka. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye ufa wa plasta, unashuka badala ya kupanda, unakitafuta kitambaa cheupe alicholalia mtoto. Plasta ikapasuka, ikatema cheche juu ya khanga. Akamnyakua mtoto kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaivuta meni swichi chini.

Mngurumo ukakata. Khanga iliendelea kuungua pembeni, Rebeka akaimwagia maji ya kukandia.

Mtoto hakulia. Luhende akamtikisa. Akamwita, ingawa hakuwa na jina bado. Ndipo yule mdogo akakunja uso, akapiga chafya, akalia kwa hasira, na baba yake akakaa sakafuni akilia naye.

Baadaye, Rebeka na mtoto wakiwa salama uani, Luhende alibomoa ukuta kwa patasi. Waya zote zilikuwa zimekuwa kitu kimoja cheusi, kama mkaa wenye mishipa. Alihisi mtu kasimama nyuma yake, akainamisha kichwa, akasubiri tusi.

Mama Dorotea alikuwa na vumbi begani. Alikitazama kile kitu cheusi. Hakumtafuta Rebeka wa kumsemea.

"Nyumba ngapi umezifanya hivi?"

Picha zikamjia Luhende zenyewe: gesti ya Nyegezi, yenye vyumba vilivyojaa abiria, nyumba ya mteja wake Bi Safia, ambaye mama yake hawezi kunyanyuka kitandani, hoteli ya chai pale Kigongo. Kote huko umeme ulikuwa umerudi.

"Nenda basi," mama alisema. "Unaninyenyekea ya nini?"

Akachukua bisibisi, akapanda baiskeli bila viatu. Njia nzima ya kuelekea Nyegezi alikuwa akitazama juu ya mabati, akitafuta moshi.