Sebule ya Mama

Malaba, mji wa mpakani, usinisifie. Mwenye nyumba wetu aligeuza vyumba vyake kuwa lojing'i za madereva wa malori, maana wao hulipa kila usiku. Sisi akatubakizia chumba kimoja kwa kodi ya viwili. Tungehamia wapi? Mimi huuza chai hapo hapo kwenye foleni ya malori.

Nilipojifungua, mama yangu Gaudencia alikuja kutoka Butula na kuku na unga wa wimbi. Alifika mlangoni, akaona kitanda changu na mume wangu Okwara mbele yake, akasimama. Kwetu Marachi, mama mkwe haingii anapolala mkwewe.

“Mama, ingia tu. Okwara yuko kazini, na mvua inakunyeshea.”

“Niingie penye kitanda cha mkwe wangu? Nipe mtoto hapa.”

Alimpakata mjukuu wake chini ya ukingo wa mabati, maji yakimlowesha mgongo, akamwimbia. Kisha akanirudishia.

“Mkipata nyumba yenye sebule, niite. Nitakaa hata wiki.”

Sasa tuna sebule, mbali na barabara. Mama ameingia akiwa picha, ile iliyotangulia jeneza lake. Okwara mwenyewe ndiye aliyeitundika ukutani.