Saa ya Kwenye Skrini

Karakana ile ya masweta ya shule ilikuwa na saa moja tu, nayo ilikuwa ya uongo. Saa ya ukutani ilikufa zamani. Simu za wafanyakazi zilikaa kwenye sanduku la mlangoni mpaka jioni, kwa amri ya mwenye karakana. Zilizobaki ni tarakimu kubwa za kijani kwenye skrini ya kompyuta ya mezani, iliyogeuzwa ili kila mshonaji aione. Hizo ndizo zilizowaambia watu waingie, wanywe chai, waende kwao.

Neno la siri la kompyuta alikuwa nalo mtu mmoja tu, binti aliyebandikwa jina la Kibodi kwa sababu vidole vyake havikujua kutulia. Mwenye karakana alikuwa shangazi yake. Asubuhi Shangazi humwinamia sikioni na kunong'ona, "Mwanangu, isogeze mbele kidogo, hawa wamezoea kuchelewa." Kibodi husogeza, na siku hiyo chai yake huja na maziwa ya kutosha. Mchana hupita Mzee wa Pasi, msemaji wa wafanyakazi ambaye hakuchaguliwa na mtu, akaacha pakiti ya karanga pembeni mwa kibodi. "Binti yangu," husema huku akitazama dari, "leo miguu inatuuma. Tusogezee twende nyumbani mapema." Kibodi husogeza. Shangazi akishtuka huomba irudishwe, na Kibodi hurudisha.

Alikuwa ndumilakuwili wa daraja la kwanza, na usingizi wake haukupungua hata kidogo. Kwa maoni yake alikuwa anawasaidia ndugu na majirani kwa mkupuo mmoja. Wala hakuna aliyelalamika, maana kila upande ulijua unachokifanya na ukadhani ni siri yake peke yake.

Sasa, Alhamisi hiyo Kibodi alikuwa na shida nyingine kabisa. Wiki iliyotangulia ilikuwa imeletwa mashine mpya ya kudarizi nembo za shule vifuani mwa masweta. Kibodi alikuwa amejifundisha mwenyewe kuandika programu, na aliandika moja nzuri ya kuchora nembo. Lakini ili programu hiyo izungumze na mashine ilihitaji moduli, kipande kidogo cha mkalimani, na moduli yenyewe ilikuja ikiwa maandishi matupu. Ilibidi ijengwe hapo hapo kwa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitafuna.

Siku tatu zilikatika bila mashine kushona hata uzi. Ndipo Shangazi aliposimama mbele ya wote, mikono kiunoni.

"Leo saa kumi," alisema, "kama hapajadariziwa nembo hata moja, kiti hicho anakaa Injinia. Nawe mwanangu unarudi kwenye vifungo."

Injinia alikuwa mwanawe Shangazi wa kumzaa. Alisomea kompyuta na alivaa tai hata Jumapili. Kila alipoulizwa jambo alijibu, "Hiyo ni kazi ya dakika kumi," kisha akaondoka kabla dakika hizo hazijaanza. Kibodi alimpenda kama binamu na hakumtaka kabisa kama mrithi. Na vifungo! Alishona vifungo miaka miwili kabla ya kupata kile kiti. Ncha za vidole vyake zilikuwa bado zinakumbuka kila sindano. Aliapa kwamba afadhali afagie ukumbi mzima kwa mswaki.

Basi akajifunga kibwebwe. Asubuhi kompyuta ilimwambia kwamba kompaila haipo. Kibodi aliitazama kompaila kwa macho yake mawili, imekaa ndani ya folda aliyoipa jina la "Mambo Yangu", akaanza kuitukana kompyuta kwa sauti ya chini. Ilimchukua mpaka adhuhuri kugundua kwamba ile nafasi kati ya maneno mawili ndiyo iliyoleta balaa. Kompyuta ilisoma "Mambo", ikafika penye nafasi, ikadhani safari imekwisha. Akaihamisha kompaila kwenye folda yenye jina la neno moja. Sasa ikaonekana, lakini kumbe aliyoiweka ni ya kompyuta za aina nyingine. Akaitoa, akaweka inayofaa. Mchana ukawa umekwenda.

Katikati ya vita hivyo Mzee wa Pasi alipita na karanga, na Kibodi, bila kuinua kichwa, akasogeza saa mbele dakika ishirini. Washonaji wakatoka nyuma kunywa chai, saa tisa na robo kwa hesabu ya skrini.

Ukumbi ulipokuwa kimya Kibodi alifungua faili la maelekezo, lile linaloiambia kompyuta kompaila iko wapi na moduli ijengwe vipi, nayo ikajitengenezea mpango wa kazi. Akaandika njia mpya, akalihifadhi, akashusha pumzi. Hapo hapo Shangazi akatokea mlangoni, ametazama skrini, uso umekunjamana.

"Hawa watu wananimaliza," alinong'ona. "Hiyo saa imekimbia. Irudishe nyuma dakika hamsini, upesi, kabla hawajaingia."

"Hamsini, Shangazi?"

"Hamsini. Nami nitakuletea mto wa kukalia."

Kibodi akarudisha dakika hamsini. Washonaji waliotoka saa tisa na robo wakarejea saa tisa kasoro dakika kumi, wakiwa vijana kidogo kuliko walivyotoka. Walitazama skrini. Walitazamana. Mzee wa Pasi alifungua mdomo, akakumbuka karanga, akaufunga. Kila mtu akainama juu ya sweta lake.

Kibodi akaagiza kompyuta ijenge moduli. Kompyuta ilifikiri kidogo, kisha ikaandika: *Mpango wa kazi umepitwa na wakati. Nimetengeneza mwingine. Anza tena.*

Ujumbe ulikuwa wa kistaarabu kabisa. Akaanza tena.

*Mpango wa kazi umepitwa na wakati. Nimetengeneza mwingine. Anza tena.*

Akaanza mara ya tatu, ya nne, ya saba. Jibu lilikuwa lile lile, na adabu ile ile. Ilikuwa kama kumtuma mtoto dukani, kila akifika mlangoni anarudi kuuliza umemtuma nini. Kibodi alizima kompyuta akaiwasha. Akaipigia magoti chini ya meza, akachomoa nyaya akazirudisha. Akaiambia kwa unyenyekevu kwamba wao ni marafiki wa siku nyingi. Mshonaji wa karibu akamuuliza kama yu mzima.

"Mzima," alijibu. "Naanza tena."

Ilipofika saa tisa na dakika ishirini na nane kwenye skrini, jasho jembamba lilikuwa linamtiririka mgongoni. Kwa kukosa la kufanya alifungua orodha ya mafaili, akawa anaisoma tu kama mtu anavyosoma karatasi iliyofungiwa sabuni. Mpango wa kazi, umetengenezwa saa tisa na dakika ishirini na saba. Sawa. Faili la maelekezo, limehifadhiwa saa tisa na dakika thelathini na tatu.

Akatazama saa. Saa tisa na ishirini na nane.

Akasoma tena. Faili aliloliandika kabla wenzake hawajarudi kutoka kunywa chai lilikuwa bado halijafika. Lingeandikwa dakika tano zijazo.

Hapo akaelewa, na kwanza alitaka kucheka, kisha akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kompyuta haikuwa na kosa lolote. Ilitazama maelekezo, ikayaona ni mapya kuliko mpango, ikasema mpango umezeeka, ikatengeneza mwingine. Ikatazama tena: maelekezo bado mapya, maana yalitoka mbele huko ambako saa haijafika. Ingezunguka hivyo hivyo mpaka saa iyafikie. Yeye mwenyewe, kwa mkono huu ulioshika karanga na chai ya maziwa, alikuwa ameivuta saa nyuma ya kazi yake mwenyewe. Siku tatu alitafuta mchawi wa mashine, na mchawi wa leo alikuwa amekalia kiti chake.

Dawa yake ilikuwa ndogo hata inatia hasira. Afungue maelekezo, asibadilishe kitu, ayahifadhi upya yapate saa ya sasa, afute ule mpango wa zamani. Alikuwa anapeleka kidole mlango ulipofunguliwa.

Injinia aliingia na mkoba na tai, akatazama saa ya mkononi mwake.

"Saa kumi kamili," alisema. "Binamu, pole. Nipishe."

Mashine za kushona zikasimama. Hata pasi ya mvuke iliacha kupumua. Vichwa vyote vikageuka kwenye skrini, na skrini ikasema saa tisa na nusu.

Kibodi akakokotoa haraka: dakika ishirini mbele, hamsini nyuma. Nusu saa nzima. Injinia alikuwa anasema kweli. Muda ulikuwa umekwisha, na kiti kilikuwa kimekwenda na maji.

Lakini Kibodi hakuwa mtu wa kukubali kweli ya mtu mwingine bila kuuliza.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya upole sana, "eti ni saa ngapi?"

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mdomo wazi kidogo. Kila mtu aliona anavyohangaika, ila si kila mtu alijua kwa nini. Akisema ni saa kumi, basi saa ya karakana iko nyuma nusu saa, na watu thelathini watataka kujua ni nani aliyeirudisha na wangetoka saa ngapi leo. Akisema ni saa tisa na nusu, mwanawe wa kumzaa anaonekana hajui kusoma saa. Alimtazama mwanawe. Akamtazama Mzee wa Pasi, ambaye kwa sababu zake mwenyewe alikuwa anakagua waya wa pasi.

"Hapa," alisema Shangazi hatimaye, "tunafuata saa ya hapa."

"Mama!" Injinia alinyoosha mkono wenye saa. "Hii inapokea majira moja kwa moja!"

"Ipokee huko huko. Keti usubiri, mwanangu. Bado nusu saa."

Kibodi hakungoja aambiwe tena. Akahifadhi maelekezo, akafuta mpango, akaagiza ujenzi. Kompyuta ikafikiri, na safari hii haikumwambia aanze tena. Mistari ikaanza kuporomoka kwenye skrini, mirefu, ya haraka, mizuri kuliko barua yoyote aliyowahi kuandikiwa. Injinia alisogea akasimama nyuma yake, akasema kwa kunong'ona, "Folda yako ilikuwa na nafasi kwenye jina, siyo?"

"Asubuhi hiyo," alijibu Kibodi. "Tumeshavuka huko."

Moduli ikajengeka. Programu ikaiita, nayo ikaitika. Mashine ya kudarizi ikatoa mlio kama mtu anayesafisha koo, sindano ikashuka, na polepole juu ya kitambaa cha bluu kikatokea kitabu kilichofunguliwa na mwenge juu yake. Mwenge ulipinda kidogo, lakini hakuna aliyeusema. Washonaji walipiga vigelegele. Skrini ilisoma saa tisa na dakika hamsini na mbili, na Kibodi alikaa kwenye kiti chake akatetemeka kwa furaha bila kujificha.

Mambo yangeishia hapo kama Mzee wa Pasi angekuwa na uwezo wa kuacha jambo. Alimwendea Injinia, akamshika bega kwa upendo.

"Mwanangu, hiyo saa yako nzuri. Yenyewe inasema ngapi?"

"Saa kumi na dakika ishirini na mbili."

"Ahaa," alisema Mzee wa Pasi, kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani. "Kwa hiyo sisi tungetoka hapa saa kumi na moja na nusu."

"Na juzi mlitoka saa ngapi?" Shangazi alifoka. "Na Ijumaa iliyopita, nilipokuta ukumbi mtupu na jua bado liko utosini? Unadhani sikuhesabu?"

"Nani alituruhusu? Saa si ilisema!"

"Ilisema kwa kinywa cha nani?"

Kutoka pande mbili za ukumbi macho yakaanza kutembea, taratibu, yakakutana kwenye mtu mmoja. Kibodi alikuwa anatafuna karanga. Aliacha kutafuna.

"Ilikuwa kwa wema," alisema.

Shangazi alikuwa mtu wa neno lake, na hilo lazima lisemwe. Nembo ilidariziwa kabla ya saa kumi ya skrini aliyoitetea mwenyewe, kwa hiyo kiti kilibaki cha Kibodi. Injinia akatengewa kazi ya dakika kumi: kuiunganisha saa na majira ya mtandao, na kuweka neno jipya la siri. Nusu ya neno alipewa Shangazi na nusu Mzee wa Pasi, ili saa isiguswe mpaka wawili hao wakae meza moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tarakimu za kijani ziliruka nusu saa mbele machoni pa watu wote, nao wakaguna kwa pamoja.

Kuhusu nyakati zilizopotea wiki zote hizo, pande zote mbili zilikubaliana kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana: hakuna atakayemdai mwenzake, wakala wao wa pamoja, yaani Kibodi, atafidia. Kwa wiki nzima, karakana ikifungwa, Kibodi angebaki nusu saa ya kweli, akishona vifungo.

Jioni hiyo saa kumi na moja kamili watu walichukua simu zao sandukuni na kuondoka wakicheka. Kibodi aliketi na bakuli la vifungo, skrini ikimwangalia. Alishona kimoja. Alishona cha pili, akajichoma, akafyonza kidole. Akashona vingi, vingi sana, akainua macho akiwa na hakika muda umekaribia. Saa kumi na moja na dakika nne.

Shangazi alikuwa bado anafunga madirisha. Mzee wa Pasi alikuwa mlangoni, koti begani.

"Mzee wangu," Kibodi aliita, kwa sauti ya yatima. "Na wewe Shangazi. Njooni basi mara moja hapa mezani, mnisogezee japo dakika kumi."

Wale wawili walitazamana juu ya kichwa chake. Mzee wa Pasi alijikuna kidevu, akalifikiria ombi kwa heshima zote.

"Karanga," aliuliza, "ziko wapi?"