Afande Aliyechekwa Dukani

Mdogo wangu anayenifuata hakumwahi mumewe, na hospitali yenyewe haiko mbali. Ukienda kwa miguu na kurudi, chai uliyoiacha mezani unaikuta bado vuguvugu. Naisimulia taratibu, maana mtaani wanairukaruka.

Yeye ni fundi cherehani. Mikono yake haina nafasi: mmoja unasukuma kitambaa, mwingine unazungusha gurudumu, na midomo imebana pini. Kwa hiyo simu yake hukaa mezani kando ya mkebe wa vifungo. Ikilia anaibonyeza kwa kidole kimoja, anaiweka spika, na kila aliyemo dukani anasikia.

Mwaka jana ilimlilia hivyohivyo. "Mama, hapa ni kituo cha polisi. Mumeo amegonga mtoto na gari. Usikate simu, usimwambie mtu, tuma hela ya dhamana sasa hivi." Akatuma akiba yote ya kununulia cherehani ya pili. Jioni Shemeji akarudi na ndoo yake ya rangi, anapiga mluzi. Ni mpaka rangi yule. Gari atalitoa wapi, ana baiskeli tu.

Tangu hapo mdogo wangu akawa simba wa simu. Matapeli wakishamla mtu hawamwachi, wakawa wanarudi, naye akawageuza mchezo.

"Mumeo tunaye hapa, Mama."

"Kaeni naye! Usiku anakoroma, mgeuzeni ubavu."

Duka zima linaangua kicheko. Wateja wengine walileta nguo zisizo na tatizo ili wasikie tu. Muuza mkaa wa jirani alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Afande wetu leo hajapiga?"

Siku yenyewe nilikuwa kwenye benchi natia vifungo kwenye sare za shule. Simu ikalia, namba ngeni.

"Mama, mimi ni askari wa usalama barabarani. Mumeo amegongwa na gari, yuko hospitali. Njoo, na uje na ndugu."

"Karibu, Afande! Leo kagongwa? Si alikuwa anagonga yeye? Mmebadilisha zamu?"

Vicheko.

"Mama, sitanii. Njoo haraka."

"Na mimi nimegongwa na njaa, nitumie ya nauli!"

Akakata. Ikalia tena, akakata. Ilipolia mara nyingine akaizima kabisa, akarudi kwenye suruali yake.

Sindano ilisimama mkononi mwangu. "Huyu mbona hajaomba hela? Tena kasema uje na ndugu."

"Ataomba, dada. Wanabadilisha mitindo hao."

"Basi mpigie mumeo usikie sauti yake."

"Nikimaliza upindo huu."

Hakuumaliza. Mwenzake Shemeji wa kazini alitokea mlangoni anahema, rangi nyeupe mpaka kwenye kope. "Shemeji, mbona mmezima simu? Mumeo anakuulizia!"

Tulikimbia, mimi na magoti yangu haya. Tulipofika muuguzi alikuwa ameshamfunika uso.

Nje ya wodi alisimama askari, kijana mwembamba, kofia mkononi. Mdogo wangu akamuuliza namba yake aliipata wapi.

"Alinitajia mwenyewe, Mama. Simu yake ilipondeka. Nikaweka spika ili aongee na wewe."

"Kwa hiyo alisikia."

Kijana akaangalia sakafu. "Alisikia. Mimi nilikasirika, akaniambia, usimkasirikie, Afande, waliwahi kumwibia. Jaribu tena."

"Ukajaribu."

"Nikajaribu, Mama."

Mdogo wangu alimshukuru. Akamshukuru tena, na tena, mpaka nikamshika bega.

Wale matapeli bado wanapiga, sasa wanamtaja binti yake. Mdogo wangu hawatanii tena. Akisikia neno polisi anakata bila kujibu kitu, kisha anampigia binti mwenyewe, kwa namba anayoijua. Ndivyo inavyotakiwa, kukata peke yake ni nusu ya kazi. Binti asipopatikana, ananituma kituoni nikaulize kwa mdomo wangu. Naenda. Wale askari wa kaunta wameshanizoea, wananipa kiti, wanaangalia daftari lao, wananiambia hakuna kitu, bibi, nenda salama.

Nikirudi namkuta amesimama nje ya duka, pini bado mdomoni, hawezi hata kuniuliza.