Pumzi ya Wimbo wa Tatu

Kila Jumamosi alasiri Fundi alifagia vipande vya vitambaa, akaifunika cherehani yake kwa shuka kuukuu, akapanga viti vitatu kuizunguka spika. Cha kwake kilikuwa karibu na dirisha. Cha Mwalimu kilikuwa na mto, maana Mwalimu alikuwa na mgongo mbovu na maoni mengi. Cha tatu kilikuwa cha Kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuja na aproni yenye nywele za watu. Wakishatulia, wanaiweka albamu.

Ilikuwa hiyo hiyo kila wiki, kwa sababu Mwimbaji wao hakuwa na nyingine. Alikuwa binti asiye na kampuni wala meneja. Alitunga mwenyewe, akajirekodi mwenyewe chumbani kwa shangazi yake, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za barabarani, ndiyo maana albamu ikaitwa *Magodoro Ukutani*. Mjini waliomjua walikuwa wachache. Hawa watatu walimjua kwa niaba ya wote.

Walichokipenda kuliko vyote ni wimbo wa tatu, pale kabla ya kiitikio, Mwimbaji anapovuta pumzi. Hapo hapo tu. Fundi, ambaye mumewe alihamia kwa mwanamke mwingine akamwachia nyumba nzima ya ukimya, kila akiisikia pumzi ile alihisi kuna mtu yuko karibu kumwambia jambo. Basi wakawa wanaisikiliza, wanarudisha, wanaisikiliza, wanarudisha. Jumamosi moja Mwalimu akarudisha tena, ili tu ashinde ubishi, na pumzi ikatoka kwenye spika. Ikapeperusha vumbi la chaki mezani, ikazunguka chumba, ikatulia katikati ya magauni yaliyotundikwa.

"Fungeni dirisha," Kinyozi akasema. "Itatoroka hiyo."

Fundi akafunga. Mwalimu akaendelea alipoishia.

Tangu siku hiyo pumzi ikakaa dukani. Haikuwa na usumbufu. Wateja walijifunza kuingia kwa ubavu na kubana mlango upesi, na joto lilipozidi, pumzi ilimpuliza Fundi shingoni akipiga pasi. Akaanza kuizungumzisha. Alikuwa anaisimulia habari za mumewe, na inapofika sehemu ya uchungu, magauni yanatikisika kidogo. Kusema kweli Fundi alikuwa na furaha, na alikuwa amesahau furaha inakaaje mwilini.

Siku Mwimbaji alipokuja, walimkuta ameketi kizingitini na gitaa lake, anahema kama aliyebeba gunia. Hakuna aliyeuliza amepajuaje. Kinyozi alikuwa amekitangazia habari ya pumzi kila kichwa alichokinyoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia upesi, mlango huo."

Akaingia. Mara kifua chake kikafunguka, akapumua hadi machozi yakamlengalenga.

"Nimekuja kuichukua," akasema. "Nina nyimbo mpya, ziko tayari zote. Nikifika kwenye kiitikio tu, naishiwa. Hata ngazi za kwa shangazi napanda kwa kupumzika. Nifungulie dirisha, mama, itanifuata yenyewe."

Fundi akanyanyuka, akaweka mkono kwenye komeo.

"Subiri kwanza," Mwalimu akasema. "Hizo nyimbo mpya zikoje?"

"Tofauti kidogo. Kuna tarumbeta."

"Tarumbeta," Mwalimu akarudia, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha akajikaza. "Na ule mfuniko unaoanguka kwenye wimbo wa tano? Mimi nimewaeleza hawa kwamba ni familia inaporomoka."

"Ule? Shangazi alikuwa anapika."

Mwalimu akatabasamu kwa huruma. "Usijali. Msanii halazimiki kuielewa kazi yake."

"Sisi tunakupenda, dada," Kinyozi akaingilia. "Tulikupenda kabla ya watu wote. Ndiyo maana hatutaki ujiharibie."

Wote wakamtazama Fundi. Komeo lilikuwa la baridi mkononi. Alijua kabisa mali ni ya nani, wala hakuhitaji kuelezwa. Lakini aliwaza jioni, chumba kile, magauni yakining'inia tu bila kutikisika, akaogopa. Akauondoa mkono.

"Uwe unakuja Jumamosi, mwanangu," akasema, macho yake chini. "Utapumua hapa hapa."

Basi akawa anakuja. Wakamwekea kiti cha nne, karibu na mlango. Fundi akamshonea gauni zuri bure, kisha la pili, kisha akashindwa kujizuia akamshonea la tatu. Kila alipolipima mabegani mwa binti aliona aibu, na aibu ile ikampa mishono iliyonyooka ajabu.

Albamu ya pili ikatoka. Tarumbeta zilikuwa nyingi, na sauti ilikatika katikati ya mistari. Waliijadili mwenyewe akiwepo, maana walikuwa watu wa haki.

"Amechoka," Kinyozi akasema. "Siku hizi wasanii hawajitumi."

"Mimi naona hakuna pumzi humu," Mwalimu akasema.

"Ni kweli," Mwimbaji akajibu.

Wakampenda zaidi kwa unyenyekevu ule, wakarudi kwenye *Magodoro Ukutani*.

Jumamosi iliyopita wimbo wa tatu ulikuwa unapigwa, pumzi ikatoka kwenye magauni, ikaenda ikasimama mbele ya uso wa Mwimbaji. Nywele zake zikacheza. Akafumba macho, akafungua kinywa, akaanza kuimba wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Haukuwa na tarumbeta. Ulikuwa wa mwanamke anayerudi nyumbani na kukuta taa inawaka, na Fundi alisisimka mwili mzima, kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko wowote ule, na yeye alijua hivyo.

Kinyozi akaweka kidole mdomoni. Mwalimu akageuka na mgongo wake mbovu, akakunja uso. Duka ni la Fundi, wakamwachia yeye aseme.

Fundi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Akamshika binti mkono kwa upole, vile mama anavyomshika mtoto.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akanong'ona. "Wimbo unafika pale penyewe."

Mwimbaji akanyamaza. Fundi akainuka, akahakikisha komeo la dirisha limekaza, akarudi kuketi.