Moyo wa Mbuzi wa Mwalimu Nzai

Mwalimu Nzai wa Kaloleni alifundisha sayansi miaka thelathini na miwili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mtu aliyemzidi akili. Hivyo ndivyo alivyoamini, na hakuona haya kusema. Kila mwaka alinunua moyo wa mbuzi buchani, akaupasua mbele ya darasa la nane na kuwaonyesha vyumba vinne: viwili vya juu vya kupokea damu, viwili vya chini vya kuisukuma. Cha chini cha kulia kina ukuta mwembamba, kwa kuwa kinapeleka damu mapafuni tu, hapo jirani. Cha kushoto kina ukuta mnene, kwa kuwa kinaisukuma hadi kwenye vidole vya miguu, na hakijui likizo. Somo likiisha, moyo ulipelekwa nyumbani, mkewe Kahaso akaukaanga.

Mwaka mmoja msichana aitwaye Kahonzi alichora moyo, akaandika "kushoto" upande wa kushoto wa ubao. Nzai alimsimamisha mbele ya wenzake, akamshikisha ule moyo wa mbuzi kiganjani, mpaka kengele ikalia.

"Mtu wa kwenye picha anakutazama," alimwambia. "Kushoto kwake ni kulia kwako. Rudia, kichwa maji."

Kahonzi alirudia huku maji ya damu yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Darasa lilicheka kwa sababu mwalimu alicheka.

Sasa Nzai alikuwa amestaafu, na miguu yake ilikuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Majirani walisema amekanyaga uchawi aliotegewa njiani, naye akawaita washamba. Hapo alikuwa na haki. Lakini Kahaso alipomkumbusha vidonge vya presha alivyopewa na muuguzi miaka miwili nyuma, vikiwa bado kabatini, aliuliza ni nani wa kumfundisha yeye habari za moyo. Miguu ilivimba kwa sababu ya kukaa. Pumzi ilikatika kwa sababu ya vumbi. Ilipofika hatua ya kulalia mito mitatu ili apate kupumua, lawama ilikwenda kwa godoro. Na pombe yake ya mnazi ya kila jioni aliitetea kwa maneno ya kisayansi, kwamba inazibua mishipa.

Siku aliyoshindwa kutoka chooni hadi mlangoni bila kusimama mara mbili, Kahaso hakubishana naye. Alimwambia achague: kwenda hospitali Malindi kesho, au yeye amwite mganga aje aitazame hiyo miguu hapo uani, watu wote wakiona. Kulipokucha, mwalimu alikuwa ameshavaa shati.

Daktari aliyeketi kwenye mashine ya kupiga picha za moyo alikuwa Kahonzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alisema Nzai, akihema. "Hawakuwa na mwingine?"

Kahonzi alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akaweka kifaa chake chini ya titi la kushoto. Moyo wa Nzai ukatokea kwenye kioo, vyumba vyote vinne, vilango vikifunguka na kujifunga. Hakungoja kuambiwa. Tangu lini yeye angoje kuambiwa na Kahonzi? Alinyoosha kidole upande wa kushoto wa kioo.

"Kushoto kuko imara. Tazama kunavyopiga. Nilijua mimi. Andika hivyo, twende zetu."

Kahonzi hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Nzai zaidi baadaye.

"Huo ni upande wa kulia, mwalimu. Mtu wa kwenye picha anakutazama."

Kahaso, aliyekuwa kwenye kiti karibu na mlango, aliinamisha uso. Nzai akahamisha macho hadi upande wa pili. Chumba kilikuwa kimetanuka kupita kiasi, na ule ukuta wake usiojua likizo ulijitikisa kidogo tu, kisha ukatulia, kisha ukajitikisa tena kwa uvivu. Hakuhitaji maelezo. Damu isiyosukumwa mbele hurudi nyuma na kujaa mapafuni, na ndiyo ile mito mitatu. Figo nazo, zikikosa damu ya kutosha, huzuia maji mwilini, yakashuka miguuni. Alikuwa amelitunga swali hilo katika mitihani isiyohesabika, na waliolikosa aliwachapa.

Aliogopa, akaogopa kweli.

"Nitapona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kahonzi alimwambia moyo hautarudi ulivyokuwa. Akinywa dawa anaweza kuishi miaka mingine, lakini asipokunywa, mwaka huu hautaisha naye. Aliandika kwenye karatasi, kisha akasoma: viwili asubuhi, kimoja jioni, chumvi basi, mnazi basi. Akaishika ile karatasi asimpe bado.

"Rudia, mwalimu."

Nzai akarudia. Alikosea penye jioni, akaanza upya, na safari hii hakumlaumu mtu.